Hema la Wageni Waheshimiwa

Kwa kawaida nahakiki vitabu. Mara moja moja tamthilia, nikipata nauli ya kufika Mombasa. Safari hii nataka kuhakiki sherehe, na nitaihakiki vile ningehakiki mchezo wa jukwaani: nani alipewa maneno, nani alikaa wapi, nini kilitamkwa na nini kilibaki nyuma ya pazia. Sherehe yenyewe ni ile ya tarehe 3 Machi pale Hola, ambapo wazee wa Mau Mau na familia zao huja kuwakumbuka wenzao 11 waliouawa kambini mwaka 1959.

Mimi ni wa Bura. Hola ni majirani, barabara ni moja, ile ya kutoka Garissa kwenda Malindi, na mto ni mmoja. Nimezaliwa na kulelewa karibu na kumbukumbu hii, lakini nilienda kuiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na kitu. Kwetu hatukuenda. Kwa nini hatukuenda, nitafika hapo.

Nilifika saa mbili asubuhi na jua lilikuwa tayari limekasirika. Mahema matatu yalikuwa yamesimamishwa. La kwanza lilikuwa jeupe, lina mapazia na viti vilivyovishwa vitambaa, na lilikuwa tupu. Askari wawili walikuwa wanalinda huo utupu. La pili lilikuwa la wanafunzi na vikundi vya burudani. La tatu, dogo zaidi, lilikuwa la wananchi. Wazee wenyewe, niliwahesabu, walikuwa tisa, wawili wao akina mama, na walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini nje ya mahema yote. Basi lao liliingia alfajiri kabla viti havijashushwa, wakajitafutia kivuli, na hakuna mtu aliyekumbuka kuwahamisha.

Hilo ndilo jambo la kwanza mhakiki angeandika kwenye daftari lake: wahusika wakuu wako nje ya jukwaa.

Wageni waliingia karibu saa tano. Emsii, kijana mwenye sauti nzuri ya redio, akatuamrisha tusimame. Sala ya padri, sala ya sheikh, wimbo wa taifa. Kisha utambulisho, na hapo ndipo sherehe ilipoanza kujionyesha ni ya nani. Kila mwenye cheo alitambulishwa kwa jina na cheo, akasimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi ya kilo. Nilitazama saa: utambulisho peke yake ulichukua dakika 40. Wazee walitambulishwa kwa pamoja, kwa maneno mawili, "mashujaa wetu," kisha emsii akauliza, "Wako wapi? Wapunge mkono!" Chini ya mwarobaini mkono mmoja ukainuka, taratibu, wenye fimbo.

Sasa niseme kilichotokea 1959, kwa sababu kuna watu wengi shule iliwapitisha hapo mbio mbio.

Hola ilikuwa kambi ya kizuizini. Mkoloni aliwaleta watu huku kwenye joto la Tana, mbali na baridi ya Nyandarua na Kirinyaga, na akawapa kazi ya kuchimba mifereji ya mradi wa kunyunyizia maji mashamba. Mradi huo ulianza 1953. Kambi ilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na kambi ya wazi, ya wale waliohesabiwa kuwa wamelainika, na kambi iliyofungwa, ya wale walioitwa sugu. Hawa sugu walikataa kuchimba. Hoja yao ilikuwa fupi na ilikuwa na akili: sisi hatujahukumiwa na mahakama yoyote, sisi ni wafungwa wa siasa, na kushika jembe lenu ni kukiri kwamba tulikosa. Ofisa wa magereza, John Cowan, akaandika mpango wa kuwalazimisha, makundi kwa makundi. Asubuhi ya 3 Machi zaidi ya watu 80 walitolewa wakapelekwa kwenye mfereji, askari wakiwa na marungu. Siku ilipokwisha, 11 walikuwa wameuawa na wengine wengi wameumizwa vibaya, baadhi wakabaki na ulemavu maisha yao yote.

Halafu ikatoka taarifa rasmi. Ilisema watu hao walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji.

Mtu wa Bura akiisikia hiyo anacheka kwanza, kisha ananyamaza. Huku sisi maji ya mkokoteni ndiyo yanatuweka hai mfereji ukikauka. Ukitaka kuudanganya ulimwengu kuhusu Tana River, bila shaka utachagua maji; ni uongo uliotungwa na mtu aliyejua mahali. Uchunguzi wa hakimu ukavunja hadithi hiyo: waliuawa kwa kipigo. Usiku wa 27 Julai mwaka huohuo suala likajadiliwa bungeni London mpaka baada ya saa sita, na katika waliolishambulia vikali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa serikalini, mtu ambaye baadaye jina lake lilikuja kunuka kwa chuki dhidi ya wahamiaji weusi. Historia ina mizaha ya ajabu. Pamoja na hayo yote, hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile 11. Kilichobadilishwa ni jina la mji. Hola ikaitwa Galole, ili neno lipotee kwenye magazeti, na ikabaki hivyo mpaka 1971 Kenyatta aliporudisha jina la zamani. Eneo bunge bado linaitwa Galole mpaka leo, na wapiga kura wengi wa rika langu hawajui kwamba jina hilo liliwahi kutumiwa kama kitambaa cha kufunikia maiti.

Haya yote, kwenye sherehe niliyohudhuria, yalisimuliwa kwa dakika zipatazo nne. Msimuliaji alikuwa mwanafunzi wa sekondari, msichana, kwa shairi. Lilikuwa shairi la kawaida la tamasha la muziki, lenye vina vya kulazimisha na mikono inayopaa kila beti, lakini yule msichana alikuwa na kitu. Alipofika kwenye mkokoteni wa maji alishusha mikono, akasema mstari ule kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Ni sekunde chache, na ndizo zilizokuwa sanaa siku ile. Hema jeupe halikusikia manake wakati huo lilikuwa linagawiwa soda.

Hotuba zikafuata. Sitazichambua zote, hazistahili. Kwa ujumla zilifuata mtindo mmoja ambao Mkenya yeyote anaujua kwa moyo: mashujaa walimwaga damu, sisi tunavuna, serikali itawakumbuka, halafu barabara, halafu siasa ya mwaka ujao, halafu mzaha juu ya mwanasiasa mwenzake, halafu mashujaa tena kwa haraka kabla ya kukaa. Msemaji mmoja alitaja idadi ya waliouawa kimakosa na hakuna aliyemrekebisha. Mzee mmoja chini ya mwarobaini alisema nambari sahihi kwa sauti. Hakuwa na kipaza sauti.

Nisisikike kama nadai wazee ni malaika na wanasiasa ndio peke yao wameharibu mambo. Kuna sababu ya kina kidogo. Sherehe za Mau Mau ni changa kuliko tunavyodhani. Ile marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kukaa kwenye sheria za Kenya huru mpaka 2003. Fikiria hapo: miaka 40 ya Uhuru, na kundi lililopigania Uhuru bado ni haramu kwenye karatasi. Wapiganaji wa zamani walizeeka wakikutana kama wafiwa wa kisirisiri, nyumbani kwa watu, kanisani, kwenye chama cha akina mama. Mtindo wa kukumbuka hadharani haukupata nafasi ya kukua wenyewe. Serikali ilipokubali, ilikuja na mtindo wake tayari: hema, itifaki, emsii. Wazee wakaalikwa kama wageni kwenye msiba wao.

Na serikali ilikuja kwa pupa. Mwaka huohuo wa 2003, kuelekea Madaraka, alishushwa Nairobi mzee kutoka Ethiopia aliyesemekana kuwa Jenerali Stanley Mathenge, yule aliyepotea msituni. Akapokewa kishujaa. Ikaja kubainika ni mkulima wa Kiethiopia anayeitwa Lemma Ayanu, na hakujua Kikuyu. Huku Bura hadithi hiyo ina utamu wa ziada kwa sababu mathenge kwetu ni mti, ule wa miiba uliopandwa miaka ya themanini kuzuia jangwa na ukaishia kumeza mifereji na mashamba. Ukisema "Mathenge amerudi" kijijini kwetu, watu watatafuta panga.

Nikiwa Nairobi, kabla sijaacha chuo, niliwahi kuhudhuria sherehe nyingine ya wakongwe wa vita, ile ya Jumapili ya pili ya Novemba kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Naitaja kwa sababu ni kinyume cha Hola kwa kila kitu. Nyasi zimekatwa kama zulia. Mawe ya kaburi ni sawasawa, zaidi ya 1,900 ya vita vya pili vya dunia. Wazee wachache waliobaki wa King's African Rifles wamevaa koti na nishani, ua jekundu la karatasi kifuani. Tarumbeta inalia, dakika mbili za kimya, mashada yanawekwa, basi. Karibu hakuna hotuba. Nilisimama kwenye kile kimya nikasikia matatu za Ngong Road, na nywele zikanisimama. Kama maonyesho, Waingereza wametuzidi mbali. Wanajua kwamba kimya ni sehemu ya mchezo.

Lakini mhakiki asitekwe na nyasi. Pale pale Ngong Road upo ukuta wa majina ya wanajeshi wasio na kaburi, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliotoka Mombasa Februari 1944 kwa meli ya Khedive Ismail na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Hao walau wana majina. Wapagazi wa vita vya kwanza, wale waliotuachia jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, wengi wao hawana hata hilo. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo, ile ya Jumuiya ya Madola, ilikiri kwenye ripoti yake yenyewe kwamba kati ya watu 116,000 na huenda 350,000 waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo kile kimya kizuri cha dakika mbili kimejengwa juu ya kimya kingine kirefu zaidi. Mtindo safi unaweza kuficha uongo vizuri kuliko hotuba mbovu. Hola, pamoja na soda zake, haina nyasi za kuficha kitu.

Majina sasa. Hapa ndipo nina ugomvi wa kweli na waandaaji.

Majina ya wale 11 yalisomwa mwisho kabisa. Wageni walikuwa wameshaondoka, ving'ora vimeshapotelea upande wa barabara kuu, hema jeupe linafunguliwa kamba. Emsii aliyasoma kutoka kwenye simu yake, mbio, akijikwaa. Akamaliza, akasema chakula kiko nyuma.

Na hata angeyasoma polepole kungekuwa na tatizo. Orodha inayozunguka, ile iliyotoka kwenye makaratasi ya mkoloni, ina majina kama Kabui Kaman na Kaman Karanja. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ya Kikuyu anajua hakuna anayeitwa Kaman. Ni Kamau. Karani alisoma vibaya mwandiko, au taipureta iliponyoka, u ikawa n, na tangu hapo watu hao wamekuwa wakikumbukwa kwa jina ambalo mama zao hawakuwaita. Kosa la herufi moja, miaka zaidi ya sitini, bungeni, vitabuni, mitandaoni, na sasa kwenye spika za Hola. Emsii alisema "Kaman" mara mbili. Chini ya mwarobaini, mama mmoja alikuwa akirudia kila jina nyuma yake kwa sauti ndogo, akilinyoosha. Kamau. Kamau. Sikuandika kingine baada ya hapo kwa muda.

Sasa nije kwetu.

Guka yangu alikuwa Hola mwaka 1959. Alikuwa kijana wa miaka 25 hivi. Hakuwa kwenye kambi iliyofungwa. Alikuwa kwenye kambi ya wazi, na alikuwa akichimba. Alishika jembe alilopewa, akachimba mfereji aliouonyeshwa, akapata mgao wake wa unga na siku zake zikapungua. Siku ile ya kipigo hakuiona kwa macho. Aliisikia. Hicho ndicho alichowahi kuniambia, na aliniambia mara moja tu, mimi nikiwa darasa la saba na nimeleta homuweki ya historia: "Tulisikia, tukaendelea."

Miaka ya themanini mwanzoni, serikali na Benki ya Dunia walipofungua mradi wa kunyunyizia maji Bura na kuita wasio na ardhi kutoka kila pembe ya Kenya, guka alijiandikisha. Alipewa nyumba na kishamba cha pamba. Cucu alimwuliza, mbona unarudi mto uleule? Jibu lake halikutufikia. Alilima pamba mpaka pampu zikafa na mradi ukalala, akakaa hapohapo, na mradi ulipofufuliwa alikuwa mzee wa kukaa mlangoni. Alifariki 2016. Hakuwahi kwenda kwenye sherehe ya 3 Machi hata mara moja. Walikuja watu wakamwalika, wenzake wa zamani, mmoja alimletea hata kofia. Aliwapa chai, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi.

Nilikuwa nadhani ni unyenyekevu. Nilipokaa pale Hola saa sita nzima ndipo nilipoelewa kwamba mchezo ule haukuwa na nafasi yake. Una wahusika wa aina mbili tu: shujaa aliyekataa na mzungu aliyeua. Aliyechimba hayumo. Na ukiangalia vizuri utaona kuna mwingine hayumo, ambaye ni mzito zaidi: yule askari aliyeshika rungu. Mpango uliandikwa na Mwingereza na amri ilitoka kwa Waingereza, hilo halina ubishi, lakini marungu yale yalishikwa na mikono ya Waafrika, watu waliorudi nyumbani mwisho wa mwezi na mshahara, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao huenda walikuwa kwenye hema la wanafunzi siku ile. Hotuba zote nilizosikia zilisema "wakoloni waliwapiga." Ni kweli, lakini ni ukweli uliopangwa ili mtu yeyote aliyekuwepo asijikune.

Vitabu vyetu vimefanya kidogo zaidi, ingawa navyo vina mapengo yao. Mzalendo Kimathi, ile tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo iliyoletwa Kiswahili, inamweka msaliti jukwaani waziwazi, anaonekana, anaongea, ila ni msaliti wa kuzomewa. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi aliyepita kwenye kambi kadhaa za kizuizini, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kikuyu mwaka 1983 na akapata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kilichonigusa kwenye kazi yake ni ule udogo wa mambo, barua, nguo, chakula, nani kaongea na nani. Huko kwenye udogo ndiko mtu kama guka anaweza kuishi. Kwenye mnara hawezi.

Mnara mmoja ninaoupenda ni ule wa bustani ya Uhuru, Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015. Ulilipiwa na serikali ya Uingereza, baada ya yale mapatano ya 2013 ambapo wazee zaidi ya 5,200 walilipwa fidia. Mmoja wa walioshtaki London, Wambugu wa Nyingi, alikuwa manusura wa Hola hii hii. Alipoteza fahamu na akalazwa pamoja na maiti, wakidhani naye amekufa. Basi mnara ule unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na hawatazamani. Kila mmoja ameangalia pembeni, ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni sanamu pekee nchini ninayoijua ambayo inakubali kwamba woga ulikuwepo. Ndiyo, pesa ni za aliyepiga, najua, na inauma. Lakini sanamu imetoboa mahali ambapo hotuba zetu zimeziba.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme kama mtu wa mto huu. Kambi ya Hola ilijengwa katikati ya watu. Wapokomo walikuwa wakilima kingo za Tana na Waorma walikuwa wakinywesha mifugo kabla ya mfereji wowote kuchimbwa. Walioona malori yakishusha wafungwa ni wao. Siku ya sherehe, nyimbo zilikuwa za Kikuyu, hotuba za Kiingereza na Kiswahili, na wenyeji walikuwa kwenye uzio. Nilizungumza na dereva wa boda, Mpokomo, rika langu, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akila mabuyu. Nikamwuliza kama kwao kuna stori yoyote ya kambi. Akasema bibi yake alikuwa akisimulia kwamba watoto walikatazwa kuchota maji sehemu fulani ya mto kwa muda, na hakuna aliyewaambia kwa nini. "Lakini bro, hizi ni sherehe za watu wa bara," akasema. "Sisi wetu wa 2012 wamewekewa mnara wapi?"

Sikuwa na jibu. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja Riketa, na Septemba wengine 38 Kilelengwani, wakiwemo polisi. Wapokomo na Waorma, majirani kwa majirani. Hakuna aliyenialika kwenye sherehe ya hao.

Na nikiwa kwenye basi la kurudi Bura niliwaza juu ya wanajeshi wa siku zetu. Barabara hii tunayopita ndiyo malori ya KDF hupita. Januari 2016 kambi ya El Adde ilivamiwa, na serikali yetu haikutwambia ni wangapi walikufa. Rais wa Somalia wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja idadi ya karibu 200, na yetu ikakasirika na idadi, haikutoa yake. Kulikuwa na ibada Eldoret, marais watatu wakiwa wamekaa mstari wa mbele, na maombi yalikuwa ya heshima. Mkoloni walau alisema 11 akadanganya sababu. Sisi sababu tuliijua, nambari ndiyo tulinyimwa. Jirani yetu mmoja kijijini alimpoteza kijana wake Somalia, na kila tarehe 14 Oktoba, siku ya KDF, huwasha redio kusikiliza kama atasomwa. Huizima wakati wa gwaride.

Mwaka huu sikwenda Hola. Nilikaa nyumbani na cucu. Nilimwuliza guka alikuwa akifanya nini 3 Machi, kwa sababu nakumbuka tu kwamba siku hiyo hakuwa mlangoni. Akafikiri. Akasema alikuwa anaamka mapema kabla ya watu, anakwenda kwenye mfereji mdogo unaoingia shamba letu, anafunga maji kwa udongo na gunia. Siku nzima shamba halinyweshwi. Wakulima wa chini walikuwa wakilalamika, msimamizi wa kijiji alikuja mara mbili kumwonya. Jioni alikuwa anarudi, anaondoa lile gunia.

"Alikuwa anakaa hapo siku nzima?" nikauliza.

"Siku nzima," cucu akasema. "Nilikuwa nampelekea uji. Na jembe alikuwa analiacha nyumbani. Alikuwa anafunga kwa mikono."

Gunia bado liko stoo. Nimeliona, lina alama ya kiwanda cha pamba, na panya wameshalila upande mmoja.